Sura ya Saba: Kaa wa Mkondo wa Kifuma

Ndoo iliwekwa juu ya meza ya Inspekta Pili Banzi kabla hajamaliza chai, na chai ikaishia hapo.

Ilikuwa ndoo ya plastiki, ya zile zinazouziwa rangi ya nyumba, yenye kifuniko. Wanawake waliokuwa wakifua mtoni waliikuta chini ya daraja dogo, kule juu karibu na mlima, ambako maji ya Uluguru hushuka yakiwa baridi hata jua likiwaka. Ilikuwa imefungwa kwa kamba kwenye mzizi ili mto usiichukue. Ndani mlikuwa na kaa kumi na mmoja, wote wamekufa.

"Ndio hao," alisema Sajenti Hatibu, akisimama mbali na meza. "Kaa wa Mama Veronika. Kesi imekwisha, Afande. Mwizi tunaye ndani tangu Jumatano."

Neno "Afande" alilitoa kama mtu anayetema mbegu ya limao. Alikuwa mkubwa kwa Pili kwa umri na kwa miaka ya kazi, na nyota alizozitazamia muda mrefu zilikuwa zimekaa kwenye mabega ya Pili. Hilo hakulisahau hata siku moja, wala hakumwacha Pili alisahau.

"Kama kesi imekwisha, mbona unanusa na bado umesimama hapo?" Pili aliuliza. Alijifunga mtandio puani, akafunua kifuniko chote.

Kaa hao walikuwa wa Veronika, Mama Rose kwa waliomzoea, mtafiti katika chuo cha mifugo na uvuvi hapo mjini. Aliwaleta kutoka Mkondo wa Kifuma, huko pwani kwenye mikoko, wakiwa wadogo wa kutosha kiganjani. Tangu biashara iwe ruksa, malori yenye barafu yalikuwa yakifukuzana kwenda Kifuma kununua kaa wa kupeleka nje. Kwanza yalibeba wakubwa. Wakubwa walipoadimika yakabeba majike wenye mayai, kisha wadogo. Kampuni iliyokuwa ikinunua wadogo ilisema hao ni kabila jingine la kaa, vibeti wasiokua hata uwalee namna gani, kwa hiyo kuwavua hakumpunguzii mtu kitu. Veronika alisema hao ni watoto. Akamshonea kila mmoja uzi mwekundu wa nailoni kwenye mshono wa gamba, mahali ambapo uzi haudondoki hata kaa akijivua gamba, akawalea kwenye matangi mpaka wakawa wakubwa.

Saa tano asubuhi hiyo, chuoni, kamati ingekaa kuamua kama Mkondo wa Kifuma ufungwe msimu wa mayai na wadogo wapigwe marufuku. Bila kaa wake, Veronika alikuwa na maneno tu. Kampuni ilikuwa na mwanasheria.

Pili alichovya kidole kwenye maji ya ndoo, akakigusisha ulimini.

"Lahaula!" Hatibu aligeuza uso. "Mtu anaonja maji ya maiti?"

"Yana chumvi."

"Kaa wa baharini hao."

"Mto Morogoro haujawahi kuwa bahari, Sajenti. Mtu ametia chumvi." Alikoroga kwa kalamu. Chini mlikuwa na chembe za chumvi ya mawe ambazo hazijayeyuka, na dagaa wazima ambao hakuna aliyewagusa. Aligeuza kifuniko. Kilikuwa kimetobolewa matundu kwa msumari, kwa mpangilio mzuri, kama kichujio. "Matundu ya hewa. Chakula. Chumvi. Mto wa baridi. Mwizi gani huyu?"

"Mwizi mwenye huruma," Hatibu alisema kwa kejeli.

"Umesema kweli bila kukusudia. Aliyewachukua alitaka waishi."

Kisha akaichukua kamba. Ilikuwa vipande viwili vilivyoungwa, na fundo lenyewe lilikuwa dogo, bapa, lililokazwa hata likawa sehemu ya kamba.

"Fundo la kiwandani," Pili alisema. "Uzi ukikatika kwenye mtambo wa kufuma unaungwa hivi, upite bila kukwama."

"Tangu viwanda vipunguze watu, nusu ya mtaa wa Mafiga inafunga fundo hilo. Hata shangazi yangu."

"Huyo Hamza uliyemweka ndani amewahi kufanya kazi kiwandani?"

Hatibu aliitazama tena kamba. "Hamza ni mtu wa mikoko."

"Basi kamwulize shangazi yako alikuwa wapi Jumanne. Mimi naanza na Hamza."

*

Hamza alikuwa mvuvi wa Kifuma, mrefu, mwenye sharubu anazozitunza kuliko nguo. Ndiye aliyekuwa akimletea Veronika kaa na kumwonyesha vituo vyao, na ndiye mtu pekee, ukimwacha Veronika mwenyewe, aliyepewa ufunguo wa chumba cha matangi. Kufuli halikuvunjwa. Na siku ya Jumanne, siku ya wizi, alionekana Mikese, kwenye barabara ya Dar ambayo magari ya Kifuma hupita, akizungumza kwa karibu na wakala wa kampuni. Hatibu aliliona hilo likitosha kumweka mahabusu.

"Ulifuata nini Mikese?" Pili alimwuliza.

"Nimeshamwambia huyu mzee wako."

"Niambie mimi."

"Yule wakala amemwoa mke wangu. Yaani aliyekuwa mke wangu. Nilisikia amesimamisha lori pale wanakula nyama choma, nikadandia gari kwenda kumtukana."

"Ulimtukana?"

"Nilimtukana vizuri sana, Afande. Akaninunulia soda. Ndipo nikazidi kuumia."

Hatibu alicheka, akajikohoza. Pili aliweka ndoo sakafuni, akaifunua. Hamza aliinama, akamtoa kaa mmoja kwa vidole viwili. Gando lake la kulia halikuwepo. Akamtoa mwingine, miguu yake miwili imenyofolewa. Uso wa Hamza ulibadilika, si kwa hofu. Ulikuwa uso wa fundi cherehani aliyeonyeshwa suruali iliyoshonwa mguu mmoja nje ndani na kuambiwa ni kazi yake.

"Hawajafungwa magando!" alisema. "Wametiwa wote pamoja hawajafungwa, wamekatana. Na mnaniambia ni mimi? Mimi niliyefunga kaa tangu sijaota meno ya nyuma?" Alimrudisha yule kaa taratibu. "Nifungeni kwa wizi, Afande, ni Mungu tu. Lakini msinifunge kwa ushamba."

"Ufunguo wako ulikuwa wapi Jumanne?"

"Shingoni. Upo hapo kaunta na mkanda wangu. Waulizeni wa Mikese kama hawakuuona ukining'inia. Nilivua shati nikitaka tupigane."

Pili alimtazama Hatibu. "Ulikwenda kuwauliza?"

"Afande, mtu mwenye ufunguo..."

"Nenda sasa. Halafu unikute chuoni."

*

Dakta Andrea alikuwa mkuu wa idara, mtu mwenye miwani myepesi na kidole gumba kilichofungwa bandeji nzito. Alimpokea Pili katika chumba cha matangi chenyewe. Matangi yalikuwa matatu, marefu, yamegawanywa kwa mbao ili kila kaa alale peke yake. Mashine ndogo pembeni ilikuwa ikipuliza hewa majini ingawa hapakuwa na wa kuivuta.

"Daktari, pole kwa kidole."

"Mlango wa gari."

"Mlango wa gari lako una meno? Damu imetokea sehemu mbili, juu na chini."

Andrea alikitazama kidole kama kwamba kimemsaliti. Alikwenda kufunga mlango wa chumba, akarudi.

"Jumapili," alisema. "Nilimwomba Hamza anifungulie. Nilitaka kuwapima mwenyewe. Inspekta, mradi huu niliuandika mimi. Mimi nina shahada tatu. Wafadhili walipokuja wakazungumza na kila mtu, wakamtaka yeye, mwenye diploma. Eti anaeleza vizuri! Kila mkutano sasa ni Veronika asema, Veronika aonyesha. Nilitumaini amekosea vipimo."

"Alikosea?"

"Hata milimita moja." Alilisema kama mtu anayesomewa hukumu. "Ndipo mmoja akanishika."

"Na Jumanne ukaja kuwamaliza."

"Kuwamaliza vipi? Wamekufaje?"

Pili alimfunulia ndoo. Andrea alitazama, na kwa mara ya kwanza akacheka, kicheko kikavu kisicho na furaha.

"Upumbavu ulioje! Ndoo moja, imejazwa maji mpaka juu, kaa wakubwa kumi na mmoja! Inspekta, kaa wa mikoko ukimfunga ukamfunika gunia bichi, nje kabisa ya maji, anasafiri siku kadhaa na anashuka kwenye ndege anakutolea macho. Lakini ukimsonga na wenzake kwenye maji yaliyosimama, wanamaliza hewa iliyomo hayo maji, basi. Matundu ya kifuniko hayasaidii kitu. Unaiona mashine hii? Kazi yake ni hiyo tu."

"Nani anajua hayo?"

"Mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza. Hamza. Yule wakala. Dereva wa lori la kaa anajua. Yeyote aliyewahi kumshika kaa."

Pili akawafuta mmoja mmoja kichwani: mvuvi, wakala, daktari. Wote walikuwa na sababu, na wote walijua mno.

Mlango ulifunguliwa. Veronika aliingia na gauni la kitenge lililopigwa pasi kwa ajili ya kikao. Alikuwa ameshaambiwa na wanawake wa mtoni. Hakusalimu. Alipiga magoti mbele ya ndoo, akatumbukiza mkono, akagusa nyuzi nyekundu zilizokuwa karibu na juu. Kisha akanusa vidole vyake, akavitazama.

"Wametiwa chumvi," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Na dagaa." Alikaa akiwa amepiga magoti vile vile. Aliposema tena sauti yake ilikuwa imeshuka. "Huyu alinisikiliza nusu."

"Nani huwa anakusikiliza, Mama Rose?"

Veronika alinyanyuka, akapangusa magoti ambayo hayakuwa na vumbi.

"Nina kikao saa tano," alisema, akatoka.

Nje Hatibu alikuwa amerudi na Landrova. Watu wa Mikese waliukumbuka ufunguo shingoni, waliikumbuka soda, na waliikumbuka hasa ile mitusi, walimrudia yote. Alitoa taarifa hiyo akitazama pembeni.

"Ufunguo wa Veronika hulala wapi?" Pili alimwuliza.

"Nyumbani kwake, Mafiga. Umetundikwa jikoni. Alisema mwenyewe siku ile."

"Na mumewe alikuwa anafanya kazi gani?"

"Fundi mitambo," Hatibu alisema. "Kiwanda cha nguo. Alipunguzwa mwaka jana."

*

Fransisko, mume wa Veronika, walimkuta uani, amechuchumaa, anarekebisha banda la kuku. Alikuwa akiunga vipande vifupi vya kamba kufunga fito. Vidole vyake vilikwenda haraka: kitanzi, pitisha, vuta. Pili alisimama akimwangalia mpaka mafundo matatu yakapita.

"Hodi hapa, Baba Rose."

"Karibuni." Alitazama viatu vya polisi kwanza, nyuso baadaye. "Mama Rose yuko chuoni."

"Tumetoka kwake. Tumewapata kaa."

Mikono haikusimama. "Wote?"

"Wote kumi na mmoja."

"Afadhali."

"Hukuuliza kama wazima."

Sasa mikono ilisimama. Kuku mmoja alipita katikati yao akidonoa. Fransisko aliiweka kamba chini kwa uangalifu, kama chombo cha kuazima.

"Nilikwenda kuwaona jana asubuhi," alisema. "Nilikuwa nawapelekea dagaa wengine. Nikakuta wamelala. Nikatikisa ndoo. Nikadhani wamezimia kwa baridi."

"Uliwatoaje tangini bila kung'atwa?"

"Koleo la mkaa. Wakati wa chakula cha mchana, chuo kizima kinaenda kantini. Afande, sikutaka wafe. Naapa. Kesho ningewarudisha. Nilitaka kikao kiwapite tu."

"Ili kampuni ishinde? Wamekuahidi kazi?"

"Kampuni!" Alisema neno hilo kwa dharau ya kweli. "Kampuni wanihusu nini? Mkondo ukifungwa, atahitajika msimamizi. Ndiye yeye. Miaka miwili Kifuma. Nyumba iko tayari huko, ya miti ya mikoko, inatazama maji. Unajua nani ameijenga? Hamza. Kwa mikono yake. Amemwekea hata kabati la vitabu."

"Kwa hiyo ni Hamza."

"Ni Hamza Jumatatu, ni Hamza Ijumaa. Hamza kasema mwezi ukiwa mpevu kaa hanoni. Hamza ana sharubu kama za mfalme. Anakuja hapa na tenga lake, anakaa kiti changu, anakula, na wanaongea lugha yao ya kaa mpaka mimi naondoka mezani hakuna anayeona." Alikuwa amesimama bila kujua. "Usiku mmoja Mama Rose akanieleza kwamba jike akikaribia kujivua gamba, dume humkumbatia siku nyingi, anatembea naye amemshika chini yake, asisogelewe na mwingine. Ananieleza huku anacheka. Mimi nilikuwa nawaza, hayo aliyaona akiwa amekaa na nani?"

"Ulimwuliza?"

"Mtu asiye na kazi anauliza kwa sauti gani, Afande?"

Hatibu alikuwa ameinamisha kichwa. Ndiye aliyeokota kamba, akaitia mfukoni kama kidhibiti, akamshika Fransisko kiwiko, na safari hii hakumvuta mtu.

*

Walifika chuoni kikao kimeshaanza. Veronika aliitwa kibarazani. Aliwaona wote kwa mpigo: Pili, Hatibu na ndoo yake, na Fransisko nyuma ya Landrova. Alimtazama mumewe.

"Chumvi ulitia pakiti ngapi?" alimwuliza.

"Pakiti mbili."

"Ndivyo nilivyokwambia," alisema Veronika. "Pakiti mbili kwa ndoo." Kisha akageuka. "Afande, mwanasheria wao anamaliza. Amesema sina kaa, nina hadithi. Naomba ndoo yangu."

"Ni kidhibiti hicho," Hatibu alisema. "Kikiguswa kesi inayumba."

"Naifahamu kesi hiyo ni ya nani, mzee wangu," Veronika alimjibu.

Pili alifikiri kidogo tu. "Kidhibiti kitaingia kikaoni chini ya ulinzi wa polisi. Sajenti, beba."

Hatibu akabeba. Waliokuwa kwenye meza ndefu waliinua leso kabla hajafika katikati ya chumba. Mwanasheria wa kampuni alisimama kupinga. Alisema uzi wowote unaweza kushonwa jana, kwamba hakuna mwanakamati aliyewaona kaa hao wakiwa wadogo. Veronika hakumjibu. Alikuwa akiwatoa mmoja mmoja na kuwalaza chali kwenye karatasi, jike baada ya jike. Alipofika kwa yule wa chini kabisa mkono wake ulisita. Akamtoa kwa mikono miwili, akambeba mpaka kwa mwenyekiti.

"Shika, Mheshimiwa. Hang'ati."

Mwenyekiti alishika. Kaa huyo alikuwa amekufa akijivua. Mwili mpya, mpana na laini, ulikuwa umetoka zaidi ya nusu kwa nyuma, na gamba la zamani, dogo kama sahani ya kikombe, lilikuwa bado limemng'ang'ania mbele.

"Geuza tumboni," Veronika alisema. "Kifuniko cha gamba la zamani ni chembamba, kimechongoka. Huyo ni mtoto, hajawahi kupandwa. Sasa tazama kifuniko cha mwili mpya."

"Ni mviringo," mwenyekiti alisema polepole. "Mpana."

"Huyo ni mama. Ni kaa mmoja, Mheshimiwa. Sikumshona mimi. Kibeti wa kampuni ndiye huyo wa mbele. Wa nyuma ndiye ambaye wangemkosa."

Kaa alizunguka meza nzima. Watu waliosogeza viti nyuma wakaja kuvirudisha mbele. Kila mmoja alimgeuza mwenyewe, akaweka kidole kwenye kile kilichochongoka, kisha kwenye mviringo. Wangekuwa hai, Pili aliwaza, hakuna ambaye angethubutu kuwagusa, na wangebishana mpaka jioni. Alipomfikia mwanasheria, mwanasheria alimpitisha kwa jirani bila kumgeuza, na mwenyekiti aliliona hilo.

Pili alitoka kabla ya kura. Alisimama kando ya Landrova pamoja na Fransisko. Dirisha la ukumbi lilikuwa wazi, na sauti ya mwenyekiti ilitoka yote: Mkondo wa Kifuma utafungwa msimu wa mayai, kaa mdogo hatanunuliwa, msimamizi atakuwa Bibi Veronika, aende mapema iwezekanavyo. Makofi yakafuata.

Fransisko alisikiliza hadi makofi yakaisha.

"Huyo aliyekuwa akijivua, nimesikia dirishani, ndiye niliyemtia wa kwanza," alisema. "Alikuwa mlegevu. Nilimwonea huruma nikamlaza peke yake kwanza, halafu nafasi ikakosekana."

Pili alifungua mlango wa nyuma wa Landrova.

"Hamza mmemwachia?"

"Tunamwachia sasa hivi."

"Atakwenda naye gari moja?"

"Hilo sikuliuliza, Baba Rose."

Alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi, kama mtu anayekubaliana na mtu mwingine asiyeonekana. Kisha akapanda mwenyewe nyuma ya Landrova, akakaa, akaiweka mikono magotini.

"Afande, nina ombi moja," alisema. "Mkinifungia, nipeni chumba kisichotazama barabara ya Dar."